Je, Tiba Isiyoponya Ni Tiba?

Kuna swali ambalo jamaa nyingi hulijua, ingawa ni wachache wanaothubutu kulitamka kwa sauti. Mgonjwa amelala chumbani. Daktari amewaita wakubwa wa nyumba kando, akawaambia kwamba ugonjwa ni saratani, tena umekwisha kwenda mbali, na dawa ya kuuondoa haipo. Kisha akaongeza kwamba liko jambo awezalo kumfanyia mgonjwa, si kumponya, bali kumpunguzia taabu. Hapo watu hutazamana. Mmoja huuliza: Gharama yake ni kiasi gani? Mwingine huuliza: Ikiwa hatapona, ya nini? Na mama wa nyumba hasemi neno. Huinuka akaenda jikoni kukoroga uji.

Leo twataka kulitazama swali hilo la "ya nini?". Si swali la watu wabaya. Mara nyingi huulizwa na watu waliokwisha kuuza mbuzi na kukopa kwa majirani, nao wamechoka kwa kukesha. Kwa hiyo lastahili jibu la kweli, wala si maneno matamu ya kufariji. Na ili tusizungumze hewani, tutachukua mfano mmoja kutoka katika utabibu wa siku hizi, nao ni dawa za saratani zinazoamshwa na mwanga. Tumeuchagua kwa sababu katika historia ya dawa hizi swali letu lilikuja likasimama mbele ya madaktari wenyewe, nao walilazimika kulijibu.

Kwanza yafaa tuelewe dawa hizi ni nini. Dawa nyingi za saratani huwa kali tangu ziingiapo mwilini, nazo huumiza penye ugonjwa na pasipo na ugonjwa. Dawa hizi sivyo zilivyo. Ile ya kudungwa huingia katika mshipa, ikaenea mwilini, na ikikaa gizani haifanyi neno. Ni kama kuni kavu zilizopangwa mekoni, ambazo hazimchomi mtu mpaka kiberiti kiwashwe. Tena twajua kwamba kuni na kiberiti havitoshi, maana moto wahitaji hewa. Vivyo hivyo hapa yatakiwa mambo matatu: dawa, mwanga wa rangi inayoifaa dawa hiyo, na oksijeni iliyomo ndani ya nyama ya mwili. Mwanga uipigapo dawa, dawa hupokea nguvu ya mwanga na kuipitisha kwa oksijeni. Oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali mno, ikaziharibu seli zilizo karibu nayo, na kuiharibu pia mishipa midogo ya damu inayoilisha saratani. Ukali wake hukoma kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua, kwa hiyo hauendi mbali na pale ulipozaliwa. Basi daktari huchagua mahali pa kuchoma kwa kuchagua mahali pa kumulika. Lakini uwezo huo una mpaka wake: mwanga mwekundu utumiwao hupenya nyama kiasi cha sentimeta moja tu hivi, wala hauwezi kuifuata saratani iliyokwisha kutawanyika mwilini.

Jambo hili liligunduliwa na kijana. Mwishoni mwa karne ya 19, mwanafunzi wa utabibu aliyeitwa Oscar Raab alikuwa akifanya kazi mjini Munich, Ujerumani, chini ya profesa Hermann von Tappeiner. Alikuwa akijaribu rangi iitwayo akridini juu ya vijidudu vya majini visivyoonekana ila kwa darubini. Akashangaa kuona kwamba rangi ileile, kwa kipimo kilekile, mara iliua upesi na mara ilikawia kuua. Wengi wangelidhani wamekosea kupima. Yeye alitafuta sababu mpaka akaipata: sababu ilikuwa mwanga. Habari hiyo aliitangaza mwaka 1900. Mwaka 1903 von Tappeiner, pamoja na daktari Jesionek, alijaribu kuzitibu saratani za ngozi kwa kuzipaka rangi ya eosini na kuzimulika.

Mwaka 1912 daktari mwingine Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alitaka kujua dawa ya namna hii ingefanya nini katika mwili wa mtu. Hakumtafuta maskini wa kumjaribia. Alijidunga mwenyewe hematopofirini, kitu kinachotengenezwa kutokana na damu, kisha akatoka juani. Uso wake na mikono yake vikavimba kwa maumivu makali, na kwa majuma mengi baadaye jua lilikuwa adui yake. Hatumsifu mtu kwa kuuhatarisha mwili wake ovyo, maana uhai si mali yetu tufanye tupendavyo. Hata hivyo, tangu siku ile ilijulikana kwamba atakayetibiwa kwa dawa ya mwanga atailipa tiba hiyo kwa kujificha jua.

Ilipita miaka mingi kabla tiba yenyewe haijakomaa. Katika miaka ya 1970 mwanakemia Thomas Dougherty, wa taasisi ya saratani ya Roswell Park mjini Buffalo, Marekani, aliifanyia kazi kwa bidii, na mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa habari za wagonjwa 25 waliotibiwa hivyo. Mwaka 1993 nchi ya Kanada ikawa ya kwanza kuikubali rasmi dawa iitwayo Photofrin, kwa ajili ya saratani ya kibofu. Mwaka 1995 Marekani nayo ikaikubali. Je, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya watu ambao umio wao, yaani njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, umezibwa na saratani. Na iliandikwa waziwazi kwamba shabaha si kuwaponya. Shabaha ilikuwa waweze kumeza tena.

Tusimdanganye msomaji. Tiba hii siyo ya kupunguza taabu tu. Penye saratani ndogo, iliyo juujuu, iliyogunduliwa mapema, hutumiwa kwa nia ya kuiondoa. Mwaka 1998 Marekani iliikubali kwa saratani changa za njia za hewa za mapafu, na mwaka 1999 ikakubali dawa nyingine ya jamaa hiyo, inayopakwa juu ya ngozi, kwa mabaka ya ngozi yaliyoharibiwa na jua ambayo yaweza kugeuka saratani. Lakini twaona ni jambo la kufikiriwa sana kwamba dawa iliyotafutwa kwa karibu miaka 100 ilipoingia Marekani ilipewa kwanza watu ambao haikuweza kuwaokoa na mauti. Je, wakubwa wale walikosea? Je, waliharibu kitu chema kwa kuwapa wanaokufa?

Kabla ya kujibu, tumwangalie mgonjwa mwenyewe. Mtu ambaye umio wake umezibwa huanza kwa kushindwa ugali, kisha wali, kisha ndizi zilizopondwa, kisha uji. Mwisho maji hayapiti, na hata mate yake mwenyewe hana budi kuyatema usiku na mchana katika kopo. Harufu ya chakula cha wenzake humfikia, naye hawezi kushiriki. Hukaa kando wakati wa kula ili asiwaudhi watoto. Mtu huyo hafi kwa saratani tu, hufa pia kwa njaa, na kwa upweke ulio mchungu kuliko njaa.

Sasa tiba ni hii. Anadungwa dawa. Baada ya saa 40 hadi 50 daktari huingiza mpira mwembamba kooni, na ndani yake uzi wa kioo unaopitisha mwanga mwekundu wa leza, akaimulika saratani kwa dakika kumi na kitu. Baada ya siku mbili hutazama tena na kuondoa nyama iliyokufa. Mgonjwa aweza kupata maumivu ya kifua na homa. Kisha kwa muda usiopungua siku 30 haruhusiwi kutoka juani wala kukaa karibu na taa kali, na mafuta ya kujikinga jua hayamsaidii. Lakini haambiwi akae katika giza tupu, maana mwanga hafifu wa ndani ya nyumba huimaliza polepole dawa iliyobaki katika ngozi yake. Na mwisho wa hayo yote, kama tiba imekwenda vema, njia hufunguka kwa muda. Si kwa milele. Ni kwa muda tu.

Wa kwanza anayepinga atasema: Muda tu! Fedha zote hizo, na taabu yote hiyo, kwa ajili ya majuma au miezi? Twamjibu kwamba amempima mtu kama tunavyolipima shamba, kwa mavuno atakayotoa. Mtu si shamba. Thamani yake haipungui kadiri siku zake zinavyopungua. Tena tusiidharau miezi. Miezi hiyo yatosha kwa baba kuketi tena pamoja na wanawe wakati wa chakula, kupatana na ndugu waliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba, kumwambia mke wake mahali zilipo hati na madeni. Yatosha pia kwa Mkristo kuungama na kupokea Komunyo Takatifu, chakula cha safari ya mwisho, ambayo pengine kwa siku nyingi hakuweza kuimeza. Nani atathubutu kusema kwamba hayo ni bure?

Na yule Msamaria wa Injili, alipomkuta mtu kando ya njia ya Yeriko, hatusomi kwamba alikaa kwanza akahesabu kama majeruhi yule angepona. Alimwagia mafuta na divai katika majeraha, akayafunga. Wema wake haukungojea hakikisho la kufaulu. Kanisa halikuacha fundisho hilo. Mwaka 2020 Idara ya Mafundisho ya Imani, katika barua yake juu ya utunzaji wa wagonjwa mahututi, ilifundisha kwamba ugonjwa kutoponyeka si sababu ya kuacha kumtunza mgonjwa.

Wa pili anayepinga ana neno zito zaidi. Atasema: Kumpa mtu tiba isiyomponya ni kumdanganya, atadhani anapona, kumbe anakufa. Neno hili ni la kweli, kama mgonjwa hakuambiwa. Na hapa yatupasa tujihukumu sisi wenyewe, maana katika jamaa zetu uko mtindo wa kumficha mgonjwa hali yake. Daktari huambiwa: Tafadhali, usimwambie mzee. Mzee naye huambiwa: Dawa hii itakuponya. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walimwonya mgonjwa afichaye; nasi twaongeza kwamba neno hilo lamhusu pia ndugu amfichaye mgonjwa.

Fikirini uovu uliomo katika uongo huo wa upole. Mtu ambaye amebakiwa na miezi michache aambiwa atoe mwezi mzima akae ndani, mbali na jua, mbali na baraza yake na mifugo yake na njia ya kwenda kanisani mchana. Akiambiwa kwamba kwa bei hiyo atapata uwezo wa kumeza kwa muda, naye akakubali, amefanya biashara ya halali: ametoa kitu na amepata kitu, akijua vyote viwili. Lakini akiambiwa kwamba kwa bei hiyo atapona, basi tumemwibia mwezi. Tena tumemwibia katika siku ambazo hana nyingine za kufidia. Upendo unaoiba si upendo.

Kutokana na hayo lafuata jambo la tatu: mgonjwa mwenye akili timamu ndiye mwenye kuamua. Si mwana wa kwanza aliye na fedha, si mjomba aliye na sauti kubwa, wala si daktari. Na akiamua kuikataa tiba, hatendi dhambi. Papa Pio XII, alipozungumza na madaktari mwezi wa Novemba 1957, alifundisha kwamba mtu anawajibika kuutunza uhai wake na afya yake kwa njia za kawaida, zisizo mzigo mzito mno kwake au kwa wengine, kwa kadiri ya watu na mahali na nyakati. Kama mzee atasema: "Wanangu, nawashukuru, lakini siku zangu hizi nataka kuketi chini ya mwembe wangu na kuliona jua likitua," asilaumiwe, wala asiambiwe kwamba amejiua. Na jamaa isiyoweza kulipia tiba ila kwa kuliuza shamba linalowalisha watoto, isijione imemwua baba yao. Upendo haudai kwamba waliobaki hai wafe njaa.

Lakini tuangalie sana ruhusa hii isigeuzwe kuwa kisingizio. Kuna mambo ambayo si mzigo wa kupita kiasi hata siku moja. Kumwosha mgonjwa, kumgeuza ili asipate vidonda, kumlowesha midomo, kumtafutia dawa ya maumivu, kukaa naye usiku, kumwita padre mapema na siyo pumzi ya mwisho: haya hayana msamaha. Hapa Afrika Mashariki tumeonyeshwa kwamba yawezekana hata penye uhaba. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, alionyesha kwamba mofini ya maji, inayotengenezwa kwa gharama ndogo, yaweza kumfikia mgonjwa wa saratani nyumbani kwake, akalala usingizi badala ya kulia.

Neno hili latuhusu kwa karibu. Saratani ya umio ni ya kawaida kwetu kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za dunia. Hupatikana kwa wingi katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Wagonjwa wengi hufika hospitali wakati hata maji hayapiti tena. Tiba ya mwanga tuliyoieleza si tiba iliyoenea katika hospitali zetu. Lakini iko njia nyingine ya kuwafungulia wagonjwa mlango uleule. Katika hospitali ya misheni ya Tenwek, huko Bomet, Kenya, madaktari kwa miaka mingi wamewatilia wagonjwa bomba dogo la nyaya za chuma ndani ya umio, linalojitanua na kuishikilia njia wazi. Bomba hilo nalo haliponyi. Lakini mtu aliyekuja akitema mate katika kopo huweza kunywa uji. Swali ni lilelile, basi, na jibu ni lilelile, chombo kikiwa mwanga au kikiwa chuma. Na kwa yeyote ambaye chakula kimeanza kumkwama kifuani twasema: usingojee uji ukwame. Nenda hospitali ungali ukila ugali kwa shida, maana huko mwanzoni ndiko penye tumaini la kupona.

Turudi sasa katika nyumba ile tuliyoanza nayo. Wakubwa wangali wakitazamana, na swali la "ya nini?" lingali halijajibiwa. Twadhani mama aliyekwenda jikoni alikwisha kulijibu. Yeye hakukoroga uji kwa kuwa uji huponya saratani. Aliukoroga kwa kuwa aliyelala chumbani ana njaa. Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Walitaka kusema kwamba penye haja iliyo wazi, huruma haingojei kuombwa. Kwa uji, na maji, na dawa ya maumivu, methali hiyo ni sheria. Lakini kwa tiba iliyo nzito, yenye bei ya fedha na ya siku, methali tuigeuze: mgonjwa na aulizwe, tena aulizwe akiwa ameambiwa kweli yote, polepole, na mtu anayempenda, aliyemshika mkono.

Basi, tiba isiyoponya ni tiba? Ndiyo, ni tiba, mradi haikujidai kuponya. Daktari aliyemfungulia mtu njia ya kumeza kwa miezi michache hakushindwa kazi yake, na jamaa iliyomsaidia kuipata haikupoteza mali yake. Sisi sote twangojea kupona kwa kweli ambako hakutoki mikononi mwa daktari. Katika kungojea huko, ni wajibu wetu kuhakikisha kwamba hakuna mtu katika nyumba zetu anayengoja akiwa na kiu, akiwa peke yake, au akiwa amedanganywa. Jioni ya leo, kila mwenye mgonjwa nyumbani na aingie chumbani mwake, aketi, amwulize anataka nini, kisha amsikilize.